Mwendo Unaopiga Hodi

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa akipiga hodi darasani. Darasa lake mwenyewe, jamani, lenye wanafunzi wake mwenyewe waliokwisha kusimama kumngojea. Alifika mlangoni, akasimama kwenye kizingiti, akasema, "Hodi humu," na asingeingiza hata kidole cha mguu mpaka tuitikie, "Karibu, Mwalimu." Siku za kwanza tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mimi nilitoka Maramba, na huko kwetu fimbo ya mwalimu ndiyo iliyotangulia kuingia darasani, mwenyewe akafuata nyuma. Sasa huyu mtu mzima na kanzu yake ya Ijumaa anatuomba ruhusa sisi, watoto wa kidato cha kwanza tusiojua hata kuiwasha hiyo kompyuta!

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sijui vizuri, na hata ningejua, hayo wanayo wenyewe. Mimi ninayo haya machache, na ninayaandika kwa sababu nimemkosea. Heri nilitangulize hilo, nisije nikajificha nyuma ya vichekesho vyake. Kulikuwa na mlango mmoja ambao Mwalimu aliuhitaji ufunguliwe. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Alipiga hodi mara tatu, nami nilikuwa ndani nimekaa kimya.

Tulimwita Mwalimu tu. Mtaa wake wote wa Chumbageni ulimwita hivyo, na hata mkewe mbele za watu alisema, "Mwalimu kasema," "Mwalimu halali mchana." Alikuwa mrefu, mwembamba, na miwani aliyoifunga kwa uzi mweusi baada ya mkono mmoja wa miwani kuvunjika. Uzi ule niliukuta nilipoanza kidato cha kwanza na nikauacha palepale nilipomaliza cha nne. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuipandisha kamwe. Ukipiga kelele, yeye aliishusha zaidi, mpaka darasa zima linanyamaza ili lisikie anatutukana nini. Kumbe hatukani. Yuko swali la tatu, na wewe hujaandika hata la kwanza.

Msidhani alikuwa malaika. Kwa mtu aliyehubiri adabu ya kuingia, barabarani alikuwa balaa. Baiskeli yake haikuwa na breki tangu nilipomjua. Aliisimamisha kwa kisigino, ndiyo maana kandambili yake ya kulia ililika kuliko ya kushoto. Siku moja pale Mabawa, mbele ya nyumba ya shangazi yangu nilikokuwa nikikaa, kisigino kilimkatalia, akaingia na baiskeli yote kwenye genge la mama muuza nyanya. Nyanya huku, Mwalimu huku, miwani kule. Akainuka, akajikung'uta, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama mahali ambapo mlango ungekuwepo kama genge lingekuwa na mlango, akasema, "Hodi, mama."

"Hodi ya nini na ushaingia!" yule mama akamfokea. "Umeshanivunjia genge langu, sasa waniletea hodi?"

Mwalimu akachutama, akaokota nyanya moja moja, akaziosha kwenye ndoo ya jirani, akazipanga mafungu manne manne kama alivyozikuta. Zilizopasuka alizinunua zote akaenda nazo kwake. Mkewe alituambia baadaye kwamba wiki nzima walikula bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa nyanya, asubuhi nyanya, jioni nyanya, na kila akilalamika Mwalimu anamwambia, "Kula, mke wangu, hizi ni nyanya za kutopiga hodi."

Tena alikuwa mchoyo wa sifa. Ukipata tisini alikuuliza zile kumi umezipeleka wapi. Chai aliinywa ya moto hata ikakuuma koo wewe unayemtazama. Na ile methali ya haraka haraka haina baraka alikuwa akiichukia, asitake kuisikia. "Nani kasema baraka iko kwenye polepole?" alikuwa akiuliza. "Kobe ana baraka gani? Mtu akikuruhusu, ingia mbio ukitaka. Ila ngoja akuruhusu."

Kompyuta za shule zilikuwa tatu, iliyowaka ilikuwa moja. Kwa hiyo alitufundisha kompyuta bila kompyuta. Alitutoa nje barazani na karatasi zetu za grafu, muda tukauandika chini, umbali pembeni, akatuambia tuchore mwendo wa kila kinachopita. Tukachora kuku anavyovuka uwanja. Tukachora pazia la ofisi linavyorudi upepo ukikata. Tukachora mkuu wa shule anavyotoka ofisini mbio halafu anapunguza akikumbuka kuwa yeye ni mkuu wa shule. Hiyo ya mkuu wa shule ndiyo pekee aliyowahi kuisifu kwenye daftari langu, akaandika chini kwa kalamu nyekundu, "Ndiye."

"Wawili wakitoka hapa pamoja," alikuwa akituambia, "wakafika msikitini pamoja, msiseme wamekwenda mwendo mmoja. Huenda mmoja alikimbia mwanzo akachoka. Mwingine alisuasua njia nzima, kisha akasikia wameshakimu sala, akatimua mbio."

Nilipokuja kuwa mtu wa programu ndipo nilipojua alikuwa akitupa nini. Kila kinachosogea kwenye kioo cha simu yako, kidirisha kinachofunguka, picha inayopita, tangazo linalochomoza kutoka chini, nyuma yake kuna mchoro kama ule wa kuku wetu. Sisi huuita kanuni ya mwendo. Moja huanza taratibu ikamalizia kasi. Nyingine huanza kasi ikamalizia taratibu. Ziko chache tu zilizojengwa ndani ya kivinjari, yaani ile programu inayokufungulia kurasa za mtandao, na dunia nzima inatumia hizohizo. Kuongeza moja mpya ni shughuli. Huandiki tu ukaweka. Unapeleka mistari yako kwa wenye kivinjari, wanaikagua, wanakuuliza maswali mpaka unajuta kuzaliwa, na mkaguzi wa sehemu hiyo akiridhika, ndipo inapokelewa.

Sasa nirudi kwenye hodi, maana ndiko mambo yote yanakokwenda. Nilikuwa kidato cha tatu nilipomuuliza kwa nini anahangaika. Alikuwa amenituma nimpelekee madaftari nyumbani kwake, nami nikaingia mpaka uani kwa kujiamini, nikamkuta mkewe anafua nguo na kanga moja kifuani. Mwalimu hakunigombeza. Alinitoa mpaka nje, akanikalisha kwenye baraza yao ya saruji, akaketi ngazi ya chini yangu.

"Binti yangu, watu wa Maramba mnaingia kama gunia la mihogo. Linatupwa tu, pu!" Akangoja nimalize kununa. "Hodi mara tatu. Ukijibiwa, ingia. Usipojibiwa hiyo ya tatu, geuka, nenda zako, wala usinune."

"Na kama yumo ndani, Mwalimu?"

"Hasa kama yumo."

"Yumo halafu hajibu? Huyo si ana dharau?"

"Mbona wamhukumu? Huenda yuko kwenye sala. Huenda hajajisitiri. Huenda ana sufuria tupu jikoni na hana cha kukupa, anaona haya. Hodi si ya mgeni, binti yangu. Ni ya mwenyeji. Unampa nafasi aifiche aibu yake. Ukipiga ya nne, unamwambia aibu yako naijua na naitaka."

Niliitikia ndiyo Mwalimu, kama watoto wanavyoitikia, na akili yangu yote ilikuwa kwenye vitumbua ambavyo mkewe alikuwa amevileta na kufunika kawa. Tangu siku ile nilipiga hodi kwake, na mkewe akawa Mama kwangu. Nilikula kwao kuliko nilivyokula kwa shangazi.

Huyu Mama ndiye chanzo cha kazi ile. Mwalimu alipokwisha kustaafu, Mama alipatwa na homa kali, ikamwachia kizunguzungu. Daktari alisema ni sikio la ndani. Kutembea alitembea, kupika alipika, lakini kitu kikimrukia machoni ghafla, nyumba yote ilimzunguka. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Maskati, na wajukuu waliwaona kwenye simu tu, kwenye ukurasa ambao binti alikuwa akiwawekea picha. Ukurasa wenyewe ndio hizi kurasa za siku hizi. Ukigusa hivi, picha inakurukia usoni. Ukisogeza hivi, zinakuja tatu kwa mkupuo.

"Zinanirukia kama kunguru," Mama alinisimulia kwenye simu. "Nikitaka kumwona mjukuu wangu lazima niushike mkeka kwa mikono miwili. Mwisho nimwache, nimwombee dua tu bila kumwona."

Mimi nilikuwa Dar tayari, nina kazi nzuri, na nikitoka kazini nilikuwa najitolea kwenye kivinjari kimoja kinachojengwa na watu wa kila pembe ya dunia, bila malipo, kwa mapenzi tu. Si kile kikubwa unachokitumia wewe. Ni kidogo, cha watu wabishi kama mimi. Nilikuwa nimepanda mpaka nikapewa ukaguzi wa sehemu ya mwendo. Na nilimwambia Mwalimu mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikijisifu: "Mwalimu, hakipiti kitu pale bila mimi kukitazama." Alifurahi. Aliuliza maswali mengi. Nilidhani ananionea fahari, na alikuwa akinionea fahari kweli, lakini pia alikuwa akiutazama mlango.

Alijifunza lugha ya programu ya kivinjari kile akiwa na miaka zaidi ya sitini. Alikwenda kila asubuhi kwenye duka la vifaa vya ofisi pale Chumbageni, mwenye duka alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akapewa meza karibu na mashine ya fotokopi kwa sababu ndiko mtandao ulikoshika. Watu walikuja kutoa nakala za vyeti, wanamkuta mzee na miwani ya uzi anaikodolea macho kompyuta na kunong'ona. Walidhani anasoma uradi.

Alichotengeneza ni hiki. Kitu kinaanza kusogea, kidogo tu, ukakiona kwa pembe ya jicho kwamba kinakuja. Halafu kinasimama. Kinangoja. Kisha ndipo kinaingia, taratibu, mpaka ndani. Kwenye grafu ni mstari unaopanda, ukalala sawasawa kwa muda, ukapanda tena. Ile sehemu iliyolala aliiita baraza, na unaandika tarakimu ya kusema baraza iwe ndefu kiasi gani. Mama akiona picha imesimama barazani, ana nafasi ya kujiweka sawa, au kugeuza uso, au kusema leo siwezi. Ni hivyo tu. Mimi niliyesoma chuo na kukagua kazi za watu wa dunia nzima, sikuwahi kuona kitu kidogo chenye akili namna ile.

Na nilipokiona mara ya kwanza, nilimwonea haya.

Ngoja niseme ilivyokuwa, nisijipambe. Aliileta kazi yake kwenye ukurasa wa kivinjari, mbele ya watu wote, na barua yake ilianza kwa neno "Hodi." Kiingereza kilichofuata kilikuwa cha barua ya kuombea likizo, heshima juu ya heshima, mtumwa wenu mtiifu. Michoro yake ilikuwa picha za ubao wenye chaki. Mwenzangu mmoja wa mbali aliuliza, hodi ndiyo nini, na mwingine akaweka kikatuni cha kucheka. Wote walijua mkaguzi ni mimi, na nikijibu tu wangejua kwetu ni huko hodi ilikotoka. Nilikuwa nimehangaika miaka kuonekana sitoki popote. Niliwaza, nikimjibu watasema nampendelea mtu wa kwetu. Niliwaza, nitamjibu kesho, kwa utulivu. Mtu ukitaka kufanya uovu bila kujua, sema tu utaufanya wema kesho.

Ya pili ilikuja baada ya majuma matatu. Fupi, na adabu ileile. Aliuliza kama kuna makosa ayarekebishe. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikaifunga. Ya tatu alisema hana haraka, na anawatakia wote afya njema. Hakuna hata moja iliyotaja jina langu. Hakunipigia simu, na namba yangu alikuwa nayo kichwani. Wenzangu wengine wakipuuzwa hupiga kelele mara kumi, mara ishirini, mpaka ujibu kwa hasira. Ndivyo dunia ile inavyokwenda, na mimi nilijua. Nilijua pia kwamba Mwalimu hatapiga ya nne. Watu wote wa kivinjari kile hawakujua hilo, mimi peke yangu ndiye niliyejua, na hicho ndicho kinachonikaba mpaka leo.

Kuna programu inayofunga maombi yaliyokaa kimya muda mrefu. Ilipita, ikakuta yake imekaa kimya, ikaifunga. Nilipata taarifa kwenye simu, na Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Krismasi ile, yeye Mwislamu na mimi Mkristo, alinitumia ujumbe kama kila mwaka. "Krismasi njema, binti yangu. Mama anakusalimu. Shangazi yako nilimwona sokoni, hajambo." Basi. Nilitafuta kinyongo kwenye maneno yale nikakikosa, na ingekuwa heri ningekiona.

Nilipigiwa simu na yule mwenye duka la fotokopi. "Mwalimu kaanguka," akasema. "Presha. Upande wa kulia wote umelala, na kauli imekwenda."

"Imekwenda kabisa?"

"Neno analitoa, lakini dada, linakuja kama linavutwa kisimani."

Nilikaa chini sakafuni ofisini kwangu nikalia mbele ya watu. Kisha nikafungua kompyuta nikaifufua kazi yake. Mistari ilikuwa misafi. Kosa niliona moja tu, la nukta, nikalisahihisha. Mwenzangu wa mbali akauliza, kwa nini kitu kisimame katikati ya njia, asiyetaka mwendo si aweke mipangilio ya kuuzima? Nikamjibu kwamba mgeni akigonga mlango wako vibaya, dawa si kuujengea ukuta. Nikaandika habari za Mama, kunguru, mkeka, na kanga moja kifuani. Nikaandika hodi ni nini, aya tatu nzima, kwa jina langu, na kwetu ni wapi. Hakuna aliyecheka. Ikapokelewa ndani ya siku sita. Siku sita, jamani! Kwa sasa imefichwa nyuma ya kitufe ambacho lazima ukiwashe mwenyewe, lakini imo, na tarakimu yake inaitwa baraza, sikukubali waibadilishe.

Nilifika Chumbageni asubuhi, saa nne hivi. Mlango ulikuwa wazi nusu, pazia limeshushwa. Nikavua viatu kwenye baraza ileile ya saruji.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi wenyewe."

Kimya. Nikasikia kuku tu huko uani. Nikapiga ya tatu. Nikangoja kidogo, nikainama kuchukua viatu vyangu. Niliona nimestahili. Nilikwisha kufika barabarani, bibi mmoja wa nyumba ya pili, aliyekuwa akisuka ukili mlangoni kwake, akaniita.

"We mwana, waenda wapi?"

"Shikamoo, bibi. Nimepiga hodi hawajibu."

"Marahaba. Yumo. Mkewe kenda dukani mara moja. Ngoja, karibu yake yachelewa siku hizi. Rudi usimame."

Nikarudi nikasimama. Ukili wa bibi ulikwenda, nadhani, shibiri nzima. Ndipo nikaisikia kutoka ndani, kila kipande peke yake, na pumzi katikati. "Ka." Kisha muda. "Ri." Kisha muda mrefu zaidi. "Bu." Alikuwa ameianza nilipopiga hodi ya kwanza.

Alikuwa ameegemezwa mito kwenye godoro, mkono wa kulia umewekwa juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine. Miwani ilikuwa na uzi mpya. Nikapiga magoti nikamwamkia, sikungoja marahaba, nikaweka kichwa changu kwenye mkono wake mzima. "Mwalimu, zile barua zako tatu niliziona," nikamwambia. "Niliziona zote. Nilikuwemo." Akanitazama. Mdomo ukahangaika ukakosa njia, akauacha.

Mama alikuwa amekwisha kurudi, amesimama mlangoni na mfuko wa sukari. Alikuwa amesikia.

"Alijua, mwanangu," akasema, na kuketi taratibu kwenye mkeka. "Ile mashine yenu ilipomfungia, nilimwambia mpigie mwanao, si yuko hukohuko? Nilikasirika mimi, nikakusema. Yeye akanambia, yumo ndani, ila hajajisitiri. Tumwache ajisitiri."

Niliangua kilio mpaka bibi wa ukili akaja kuchungulia akidhani Mwalimu ametutoka. Akapiga hodi, Mama akamwambia sivyo, akaondoka. Nikajifuta kwa kanga ya Mama, nikatoa laptopu, nikaufungua ukurasa wa binti yao wa Maskati kwenye kivinjari chetu, nikakiwasha kile kitufe. Nikaiweka magotini pa Mwalimu. "Mama, tazama na wewe," nikasema. "Usishike mkeka."

Picha ya mjukuu ikaanza kuja. Ikasogea kidogo kutoka pembeni, ikasimama. Mwalimu akaona imesimama. Jicho lake likawaka kama alipoandika "Ndiye." Akafungua mdomo kumkaribisha.

"Ka."

Na picha ikaingia. Baraza aliyoipima yeye mwenyewe, siku zile ulimi wake ukiwa mzima, ilikuwa ya nusu sekunde. Mjukuu akajaa kwenye kioo na babu yake yuko kwenye silabi ya kwanza. Mwalimu akafumba macho, na chozi likamshuka upande uleule uliolala, asilihisi.

Nikaivuta laptopu. Nikafungua mistari, nikaongeza baraza. Sekunde tatu. Picha ikaja, ikasimama, akasema, "Ka, ri," ikaingia. Nikaongeza. Saba. Ikamwacha tena. Nikawa nakosea tarakimu, nafuta, naandika. Mwalimu hakufanya haraka. Alikuwa akinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa na grafu ya kuku, akingoja nipate mwenyewe. Nikaweka sekunde kumi na tano.

Picha ikaja, ikasimama barazani. Tukangoja, sote watatu. Mama alikuwa ameitumbulia macho, mikono yake imetulia mapajani.

"Ka," akasema Mwalimu.

Ikangoja.

"Ri."

Ikangoja. Akameza mate, akavuta pumzi, shingo ikamkaza.

"Bu."

Mjukuu akaingia, taratibu, mpaka ndani. "Huyo, kaja mwenyewe," Mama akasema, na hakuushika mkeka. Mwalimu akainua kidole cha mkono wa kushoto, akanionyesha pale pembeni ilipotokea, kwamba tena. Nikairudisha nje.